Kama Kibiriti Anafaa Vitani

Itaka,
12 Januari 2025

Mwanangu Tukuswiga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na sasa anafika mpaka kwenye migomba bila kuegemea fimbo, ingawa fimbo anatembea nayo mkononi ili watu wasimpe kazi. Mvua zimetukubali. Mahindi yamefika magotini na kahawa ya upande wa chini imebeba vizuri. Shangazi yako Imelda amepata mjukuu wa kike, wamemwita Lusungu. Nilimbeba Jumapili akalala muda wote wa mahubiri, kwa hiyo na mimi nilipata sababu ya kutosimama.

Natumaini Timotheo atakufikishia barua hii kwa lori lake la mpunga kabla Mto Momba haujajaa. Nashukuru ulivyosema tuandikiane. Kwenye simu tukilifikia jina la mdogo wako, mmoja wetu husema mtandao unakata, na mwingine hukubali.

Sasa nina jambo. Juzi alikuja Deus, yule rafiki wa mdogo wako Sadoki anayebadilisha kwacha pale mpakani Tunduma. Alileta sukari na sabuni. Alinisalimu, "Mulishani, mayo," habari yako mama, kama zamani, nikamjibu kwa Kiswahili kwa sababu Kibemba changu kinaishia hapo hapo kwenye kusalimiwa. Akanywa chai. Akaenda kuangalia ng'ombe. Akarudi, akanywa chai nyingine. Baba yako akamwambia, "Deus, wewe hukuja kuangalia ng'ombe. Sema."

"Nimefuata mnyama, baba."

"Ng'ombe hatuuzi."

"Si ng'ombe. Yuko kwenye simu ya marehemu."

Ndipo akatueleza ule mchezo wenu wa Mapori. Kwamba mtu anatembea na simu, anakamata wanyama, anawalea, halafu anawapiganisha na wanyama wa wenzake. Sadoki alikuwa na mnyama wa moto, nguchiro ambaye mgongo wake unawaka kama makaa, na alimpa jina la Kibiriti. Deus na kundi lake wanaingia kwenye bonanza pale Tunduma tarehe kumi Mei, watashindana na vijana wa Mlowo na Vwawa, na hakuna hata mmoja wao mwenye mnyama wa moto wa maana. Anasema mchezo unaruhusu kumpa mtu mnyama, mkiweka simu mbili karibu. Lakini akishatolewa harudi. Anakuwa wa yule aliyepewa.

Baba yako alisema tumpe. Mimi nilisema tungoje.

Simu ya Sadoki nimeiweka kabatini, nimeifunga kwa kitenge, na kila wiki naichaji kwenye sola. Sijui kwa nini naichaji. Deus alipoondoka niliifungua kwa mara ya kwanza, nikamtafuta huyo Kibiriti. Yupo. Amejikunja, mkia ameuweka juu ya pua, na mbavu zinapanda na kushuka. Sikujua kwamba muda wote huu kabatini kulikuwa na kitu kinachopumua.

Nakuuliza wewe kwa sababu ulikuwa ukicheza naye. Nakumbuka mlivyokaa kwenye vichanja mkiinamia simu, kahawa inanyeshewa, na kila mmoja anasema ni zamu ya mwenzake kuifunika. Niambie, huyu mnyama anafaa vitani kweli? Au Deus ameniona nilivyokonda, anataka nifikiri mwanangu ameacha kitu ambacho watu wanakihitaji? Kama anafaa, si haki kumfungia kabatini kama gauni la Krismasi. Kama hafai, basi abaki na mimi.

Nijibu kwa ukweli. Usinionee huruma.

Mama yako,
Ruti


Kamsamba,
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba shikamoo. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu lori la Timotheo lilikwama, na yeye alilala kwenye magunia mpaka tope lilipokauka. Nafurahi mguu wa baba. Mwambie fimbo nimeisikia.

Huku joto ni lile lile. Tumemaliza kupandikiza mpunga kwenye shamba darasa, na siku iliyofuata ng'ombe wakaingia. Wakulima walinicheka, "Bibi shamba, umepanda majani ya ng'ombe." Tumepanda upya. Nimepata chumba kizuri kwa mama mmoja anayeitwa Ferista, hapendi kelele na mimi sina kelele, kwa hiyo tunapatana. Hongera kwa mtoto Lusungu.

Kuhusu Kibiriti, nitakueleza kama ninavyowaeleza wakulima kuhusu mbegu.

Mnyama wa Mapori anapimwa kwa mambo matatu: anapiga kwa nguvu kiasi gani, ngozi yake inavumilia kiasi gani, na ni mwepesi kiasi gani. Kibiriti anapiga sana. Ngozi yake ni nyepesi mno. Wepesi wake ni wa katikati. Ana mapigo mawili. Moja ni Cheche, dogo, ambalo kila akilitumia linamjaza nguvu kidogo kidogo. La pili ni Mlipuko, kubwa, ambalo haliwezi kutoka mpaka nguvu ijae. Tatizo ni kwamba Cheche inajaza polepole. Mpaka ajae, mara nyingi amekwishapigwa na ngozi ile ile ndiyo anayo.

Halafu moto unashinda majani, wadudu na barafu, lakini unashindwa na maji na mawe. Siku hizi kila mtu ana mnyama wa maji. Kumpeleka Kibiriti kwenye bonanza ni kama kupanda kahawa huku bondeni. Kuna wanyama wengine wa moto wenye ngozi nene. Deus atafute mmoja wa hao.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hafai. Mwache apumzike kabatini. Mimi mchezo ule niliuacha, zaidi ya hapo sijui.

Wasalimu wote.

Mwanao,
Tukuswiga


Itaka,
9 Machi 2025

Mwanangu Tukuswiga,

Tumeipokea barua yako na sisi ni wazima. Lusungu amebatizwa, alilia mpaka mchungaji akasahau jina lake, Imelda akalitaja kwa sauti kutoka kwenye benchi. Kuku yule mwekundu ameangua vifaranga chini ya ghala, na baba yako anajifanya hawajui lakini nimemwona akiwapelekea pumba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Imeeleza vizuri, hata mimi niliyeishia darasa la saba nimeelewa. Lakini umeiandika kama mtu anayefunga mlango taratibu ili usipige kelele. Jina la mdogo wako hukuliandika hata mara moja. Sikulaumu. Nimeliona tu pengo lake.

Nataka ujue kwamba nimeanza kucheza. Nilifikiri, kama nitamtoa au nitabaki naye, kwanza nimwone akipigana. Natoka mpaka pale juu shuleni kwenye mtandao, baada ya chakula cha mchana, nakaa kwenye ngazi. Baba yako alisema, "Ruti, umerudi utotoni?" Siku ya pili akanifuata akasema amekuja kuniletea mwavuli. Mvua haikuwepo.

Napigwa sana. Mchezo unanipa watu nisiowajua, kila mmoja anakuja na wanyama watatu na mimi na watatu wangu. Kibiriti anarusha cheche zake na kile kiduara cha nguvu kinajaa, kinakuwa chekundu, kinang'aa. Nikikiona kimejaa nafurahi, nami nakitunza. Wewe unajua nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa akifukia makaa kwenye majivu kila jioni, na mwanamke aliyeamka bila moto akaenda kugonga kwa jirani alisemwa mpaka kisimani. Moto ukishaupata huumalizi. Kwa hiyo namwacha Kibiriti na ule wekundu wake, anapigwa, anapigwa, anaanguka, na wekundu unaondoka naye. Nimetafuta kila mahali kwenye simu sehemu ya kuuhifadhi mpaka vita ya kesho, sijaiona. Iko wapi?

Hata hivyo, nimeona jambo. Wa majani na wadudu wanamwogopa. Kuna kitu kama mgomba wenye meno, kiliisha kwa cheche tupu. Kwa hiyo hilo neno lako la hafai nimelikubali nusu. Wewe mwenyewe umewahi kuniambia mtu asiitukane mbegu kabla hajaangalia ameipanda wapi.

Deus amepiga simu kuuliza. Nimemwambia atangoja mpaka Pasaka.

Mama yako,
Ruti


Kamsamba,
30 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika hii haraka, maana wanasema daraja la chini linaweza kufungwa wiki hii.

Nimecheka, mama. Nimecheka mpaka Ferista akatoka jikoni kuuliza nina mgeni gani. Nikamwambia mama yangu anafukia moto kwenye simu. Akanitazama akarudi zake jikoni.

Hakuna kuhifadhi. Vita ikiisha, nguvu yote inaisha, kesho unaanza na kiduara kitupu. Kikijaa, achia Mlipuko. Usimwonee huruma mtu wa upande wa pili, yeye hakuonei.

Lakini kuna jambo moja nilikuwa nimelisahau mpaka niliposoma habari ya majivu. Ukimtoa Kibiriti kabla hajaanguka, ukamwingiza mnyama mwingine, ule wekundu wake haupotei. Anakaa nao nje akikungoja, na ukimrudisha katika vita ile ile anarudi akiwa amejaa. Sadoki alikuwa akifanya hivyo. Alikuwa anamwita nyuma, halafu anakaa kimya na uso wa mtu aliyeficha kitu mfukoni.

Nimeliandika jina lake. Liko hapo juu, sitalifuta.

Lakini bado nasema usimpe Deus.

Mwanao,
Tukuswiga


Itaka,
22 Aprili 2025

Mwanangu Tukuswiga,

Pasaka imepita salama. Kwaya ya akina mama tuliimba vizuri isipokuwa ubeti mmoja ambao kila mtu aliuanzia pake. Tulichinja yule jogoo mkorofi. Tulikuwekea nafasi mezani, nikajua ni ujinga kwa sababu ulisema kwenye simu kwamba huji, lakini mkono ulizoea.

Nimefanya ulivyosema. Kibiriti anaingia wa kwanza, anarusha cheche mpaka anajaa, ndipo namtoa. Namwingiza yule kobe wa jiwe, ambaye hana akili lakini anavumilia kupigwa. Kila mpiganaji ana ngao mbili tu za kujikinga, na wengi wanazimaliza kwa kobe. Basi wakishabaki bila ngao, Kibiriti anarudi na Mlipuko wake tayari. Ukiona, utadhani kuna mtu amemwaga mafuta ya taa jikoni. Sasa nashinda kuliko ninavyoshindwa. Siku hizi baba yako haleti mwavuli, anakuja tu.

Kwa hiyo nikaamua. Kama anafaa, aende kwa wanaomhitaji. Uliniambia nisimpe bila kuniambia sababu, na mimi sikutaka kukaa na sababu nisiyoijua. Deus alikuja Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa nimeshamuaga Kibiriti jikoni. Baba yako alikuwa humo humo anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Tuliweka simu mbili mezani. Deus akabonyeza. Mchezo ukakataa. Akabonyeza tena, yakatoka maandishi. Akayasoma, akakuna kichwa.

"Mayo, huyu hatoki. Inasema alikwishatolewa mara moja, na mnyama anatolewa mara moja tu."

"Nani alimtoa?"

"Haisemi. Ila Sadoki hakumkamata mwenyewe. Alipewa na mtu."

Baba yako akauliza, "Kwa hiyo ni wa wizi?"

"Hapana, baba. Hapa hakuna kuiba. Lazima wote wawili wakubali."

Tukakaa tunamwangalia Kibiriti. Deus akasema basi nimwazime simu yenyewe, kijana wao mmoja aichezee siku ya bonanza. Nikasema simu haitoki humu ndani. Sikukusudia kulisema kwa ukali, lakini lilitoka hivyo. Akaichukua simu yake mezani, akasema, "Basi njoo nayo wewe mwenyewe, mayo. Sisi tunaruhusiwa kuongeza mtu." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Sijamjibu. Nitaonekanaje, mwanamke wa umri wangu, katikati ya vijana wale? Na sasa kuna hili la pili linalonikosesha raha. Kuna mtu alimpa mwanangu kitu kizuri namna hii na sijamshukuru. Unamjua ni nani? Kama unamjua na hutaki kusema, niandikie tu kwamba hutaki. Nitaelewa.

Mama yako,
Ruti


Kamsamba,
1 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Timotheo yuko nje na hataki kuzima injini kwa sababu haina uhakika wa kuwaka tena. Kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Ni mimi.

Ile siku nilipokuwa naondoka kuja kuanza kazi huku, Sadoki alinisindikiza mpaka stendi ya Vwawa, unakumbuka, alibeba godoro kichwani. Gari lilichelewa. Tukiwa tunangoja nilimkamata Kibiriti pale pale stendi, karibu na mama anayechoma mahindi. Nikampima, nikaona ni takataka, nikataka kumfuta. Sadoki akasema nimpe yeye. Akasema atanipa Kiboko.

Kiboko ni mnyama wa maji. Alikuwa ndiye bora katika wanyama wake wote, Tunduma nzima walikuwa wanamjua. Nilikataa. Nilimwambia, "Unajipunja, mdogo wangu." Akaniambia, "Dada, wewe unakwenda kwenye joto, nenda na maji. Mimi niko kwenye baridi ya Itaka, niachie moto." Nikamwambia huyu moto wenyewe hafai kitu. Akasema, "Nitamlea."

Mama, nilipompa Kibiriti alikuwa anashindwa na viwavi. Kila nguvu unayoiona kwake ni kazi ya Sadoki. Nilipokuandikia hafai nilikuwa nampima yule niliyemtoa mimi. Huyu aliyemlea yeye sikutaka kumwona. Na sikutaka aende kwa Deus kwa sababu kitu nilichompa ndugu yangu nilitaka kibaki kwenye nyumba yetu. Hiyo ndiyo sababu. Haikuwa ya vitani. Kwamba hawezi kutolewa mara ya pili, sikulijua.

Kiboko yuko kwenye simu yangu. Sijamfungua tangu Agosti, tangu tulipotoka makaburini. Sikuuacha mchezo, niliufunga.

Nenda Tunduma. Hutaonekana vibaya. Ukiona mnyama wa maji anaingia, mtoe Kibiriti hapo hapo, usione haya, moto kukimbia maji ni akili. Na usiwe na haraka na Mlipuko wa kwanza.

Timotheo anapiga honi.

Tukuswiga


Itaka,
18 Mei 2025

Mwanangu Tukuswiga,

Sisi ni wazima na tumerudi salama. Kahawa imeanza kuwiva upande wa jua. Lusungu ameota jino. Asante kwa barua. Niliisoma, nikampa baba yako naye akaisoma, akaenda nje akakata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Na asante kwa Kibiriti. Nilisema sijamshukuru aliyemtoa, sasa nashukuru.

Tulikwenda wote wawili, baba yako na koti lake la kanisani. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka huku nje ya mji, vumbi tupu, tukashuka tukatembea. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana na spika moja inayopiga kelele kuliko watu wote. Deus aliponiona alisimama juu ya kiti akawaita wenzake, "Mayo amekuja," kama vile nimeshuka na ndege.

Wa kwanza wangu alikuwa kijana wa Mlowo mwenye kofia. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo mama. Mwanao yuko kundi gani?"

Nikamwambia, "Kundi la Deus. Leo nimekaa kwenye nafasi yake."

Sidhani kama alielewa. Lakini Deus aliinamisha kichwa. Nyuma kuna mmoja akapaza sauti, "Dogo, ukipigwa na mama wa watu, nyumbani usirudi," ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka.

Akaingiza wa majani. Kibiriti akarusha cheche mpaka akajaa, nikamtoa. Kijana akasema, "Mbona unamkimbiza, mama? Amechoka?"

"Nimemfukia," nikamwambia.

Akaendelea kumpiga kobe wangu kwa furaha zake. Alipomaliza ngao nikamrudisha Kibiriti. Mlipuko ule mmoja ulitosha. Kijana aliitazama simu yake, akanitazama mimi, akavua kofia. Yule wa nyuma akasema, "Mama amewasha jiko," na kuanzia hapo wakaniita Mama Jiko mpaka jioni. Baba yako ameliendeleza hapa nyumbani, nakuomba ukija umkataze.

Wa pili alikuwa msichana wa Vwawa, Agnes, mpole, haongei. Wanyama wake wote watatu ni wa maji. Nilimtoa Kibiriti kama ulivyosema, lakini maji yalikuwa kila mlango. Aliponimaliza alisema, "Pole mama," na alimaanisha. Kwa hiyo ile barua yako ya kwanza nayo haikuwa uongo. Kwa maji, Kibiriti hana lake. Wa tatu alikuwa na barafu na jiwe, huyo nilimshinda, lakini Kibiriti alibaki na uhai mwembamba kiasi kwamba nilikuwa napumua kwa niaba yake.

Kundi letu lilifika fainali, likapigwa na hao hao wa Vwawa, na hao hao wa maji. Wamenipa jezi ya kijani. Baba yako anaivaa shambani.

Ukiniuliza sasa kama anafaa, nitakujibu mimi. Anafaa. Ila si wa peke yake. Ukimtanguliza ajionyeshe, anaungua na kwisha. Anataka mwenzake wa kusimama mbele wakati yeye amejaa na anangoja. Sadoki alilijua hilo, ndiyo maana alimtunza na kobe yule asiye na akili.

Baada ya fainali vijana walikaa nje wanagombana taratibu, kila mmoja anasema tumepigwa kwa sababu hatuna maji ya kujibu maji. Nani ana mnyama wa maji mkubwa? Mimi nilikufikiria wewe. Sikutaka kukusemea. Basi baba yako, ambaye siku nzima alikuwa hajasema neno zaidi ya kusalimia, akasema, "Binti yetu ana kiboko." Wote wakageuka. Deus akauliza, "Kiboko yule wa Sadoki? Bado yupo?" Akamwangalia baba yako kama mtu aliyeambiwa ndugu yake ameonekana.

Bonanza lingine ni Septemba, Vwawa. Deus ameandika jina lako kwenye kundi. Ameliandika kwa penseli, nilimwambia aandike kwa penseli. Kama hutaki, niambie, litafutika na hakuna atakayekusema. Mimi nitacheza hata hivyo. Nimeshawaahidi.

Mama yako anayekukumbuka,
Ruti


Kamsamba,
8 Juni 2025

Mama mpendwa, na baba,

Shikamooni. Huku tumeanza kuvuna, na wale waliocheka shamba darasa sasa wanakuja mmoja mmoja kuuliza mbegu ile nilitoa wapi, kila mmoja akijifanya anapita tu. Ferista amenipa kapu la samaki wakavu wa kuwaletea, kwa hiyo msishangae harufu.

Nasema wa kuwaletea kwa sababu nakuja. Nimeomba likizo na wamenipa, kuanzia tarehe saba Julai. Nitawakuta katikati ya kuchuma kahawa. Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi.

Jana nilipanda kwenye kilima nyuma ya zahanati, ambako mtandao unashika, nikakaa chini nikamfungua Kiboko. Nilifikiri nitashindwa. Nililia kidogo, ndiyo, lakini nililia nikiwa nacheza. Yuko vile vile, mkubwa, mvivu, anapiga miayo. Nikampiganisha na mtu mmoja nisiyemjua, nikashindwa kwa sababu vidole vimesahau. Nikampiganisha tena, nikashinda. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi walikuja kusimama nyuma yangu, mmoja akaniuliza huyu kiboko ni wa nani. Nikamjibu ni wa mdogo wangu, Sadoki. Akasema anacheza vizuri. Nikasema ndiyo.

Nimewapima pamoja, mama, yeye na Kibiriti, kwenye karatasi, kama ulivyonifundisha badala ya mimi kukufundisha. Mawe yanayomtisha Kibiriti, Kiboko anayamaliza. Majani yanayomsumbua Kiboko ni chakula cha Kibiriti. Sijui kwa nini hatukuliona tulipokuwa tumekaa nao pamoja pale kwenye vichanja. Labda tulikuwa na shughuli ya kugombana.

Mwambie Deus apitishe kalamu juu ya ile penseli.

Mnisalimie shangazi Imelda na mtoto Lusungu ambaye sijamwona. Na mkienda kaburini kabla sijafika, mnikumbuke kwake.

Mwanenu,
Tukuswiga